Kihispania cha Mama Mkwe

Hospitali ya Masista,
Karibu na Kanja, Embu.
9 Januari 1955

Dada mpendwa, Mama Karimi,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mzima, Nelius mke wangu ni mzima, na mtoto ameota meno mawili ambayo anayajaribu kwenye vidole vya kila mgeni. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Je, huko Githongo mnaendeleaje? Karimi na mumewe wako salama? Na kuna habari zozote za Baba Karimi?

Usishangae kuona Kiswahili. Barua ya Kiembu hukaa kwa D.O., yule afisa wa wilaya, mpaka apatikane mtu wa kuisoma, na zile mbili nilizokuandikia mwaka jana nadhani bado zinamngoja mtu huyo. Kiswahili karani wao anakijua, kwa hiyo kinapita upesi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mimi ndiye mpishi mkuu hapa kwa masista. Tuko wapishi wawili, lakini lazima mmoja awe mkuu. Masista hawa wametoka nchi ya Hispania, na Kiswahili wanakijua vizuri mpaka wanagombeza nacho. Lakini mwezi uliopita mafuta ya kukaangia yalishika moto jikoni, na Sista Asunsioni, mkubwa wao, Kiswahili chote kikamtoka kichwani. Alisimama pale akipaza sauti kwa Kihispania, nasi tukawa tunamtazama tu. Kumbe alikuwa anataka mchanga. Mtu mmoja wa jikoni, kwa nia njema kabisa, akaleta karai la maji akayamwagia yale mafuta. Dada, usimwage maji juu ya mafuta yanayowaka. Moto ulipanda mpaka darini.

Hakuna aliyekufa. Ila Sista amesema kwamba mtu akiogopa hurudi kwenye lugha ya mama yake, kwa hiyo sisi ndio tutakaomfuata huko. Kila jioni baada ya kuosha vyombo tunafundishwa Kihispania cha moto na hatari. Ndugu yako sasa ni msomi wa lugha ya nne, na watu wa hapa wameanza kunisalimia tofauti.

Nisalimie wote.

Ndugu yako,
Nthiga


Githongo, Meru.
30 Januari 1955

Ndugu yangu Nthiga, kitinda mimba wa mama,

Barua yako imefika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi nyingi kuliko yako. Kwa hiyo nianze na yule aliyeisoma kabla yangu. Karani, hujambo? Na nyumbani kwako hawajambo? Haya, sasa nimgeukie ndugu yangu.

Sisi tupo. Karimi ni mzima, mvua imekataa, goti langu ni lile lile. Nimefurahi kusikia habari za meno ya mtoto. Huyo mtu mmoja wa jikoni aliyeleta maji, nyusi zake zimeota tena? Mpe pole zangu.

Umenichekesha, nami sikuwa nimecheka tangu tuhamishiwe kijiji hiki. Zamani kila mtu alikuwa na mji wake na migomba yake. Sasa serikali imekusanya watu wa kilima kizima mahali pamoja, nyumba imegusana na nyumba, nyasi juu, mtaro umetuzunguka. Aliyepima viwanja alikuwa na kamba tu, hakuuliza nani ni nani wa nani. Basi mlango wa nyumba yangu unatazamana na mlango wa Mithika. Ndiyo, Mithika mume wa Karimi. Mkwe wangu.

Wewe umelelewa, unajua nthoni. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe, hali mbele yake, hamtazami usoni, hasemi naye, na jina lake halipiti mdomoni mwake hata akiwa usingizini. Akimwona njiani anajitupa kwenye migomba. Hapa migomba iko wapi? Tumebaki kuviziana. Mimi nikitaka kutoka naimba tenzi ili ajue, na yeye akitaka kutoka anakohoa. Watu wa safu yetu wanaamini kwamba mimi nimeokoka sana na kwamba Mithika ana kifua kikuu.

Lakini si la kucheka tu. Wote wenye magoti mazima huenda kazi ya kijiji tangu asubuhi, na Karimi yumo. Mimi nimeachwa kwa sababu ya goti. Mithika ameachwa kwa sababu ana cherehani na anawashonea kaptula homgadi, askari wanaolinda kijiji. Mchana kutwa safu yetu ina watu wawili, nao ni wawili wasioweza kusemezana. Na nyumba zinaungua, Nthiga. Upande wa chini zimeungua kadhaa tangu Krismasi, na bibi mmoja alitolewa wakati ambapo hakuna haja tena ya kumtoa.

Nyumba yangu ni ndogo, mafiga yako katikati, kuni nazikausha juu yake. Karimi anasema nasinzia nikipika. Sisinzii, nafumba macho kwa sababu ya moshi. Lakini tuseme kuna mtu angesinzia na paa likashika. Mithika afanye nini? Akipiga nduru, homgadi watadhani tumeshambuliwa na watakuja na bunduki. Akisema kwa Kiswahili, "Toka nje," hayo ndiyo maneno ya msako, na mimi nikiyasikia huingia uvunguni. Akiniita kwa Kimeru amevunja nthoni, na mwanamume mwoga wa laana kama yule atasimama pale akifikiri mpaka niwe jivu. Nakwambia wazi kwamba naogopa. Sitaki kufa kwa adabu ya mkwe.

Ndipo nikamkumbuka Sista wako. Nimemwendea mzee Bundi, ambaye ndiye tunayemwuliza mambo ya mila. Alifikiri mpaka ugoro ukamwisha, kisha akasema lugha ambayo haikuwapo siku mbuzi wa mahari walipoletwa haiwezi kuvunja kitu. Basi niandikie hayo maneno, na uandike wazi.

Dada yako,
Mama Karimi


Kanja, Embu.
20 Februari 1955

(Barua hii ilifika ikiwa na matundu.)

Dada mpendwa,

Salamu sana. Sisi ni wazima, mama amepona kikohozi na amerudia kazi yake ya kumsema mke wangu. Baba Karimi je?

Wazo lako ni zuri na Sista amelifurahia, ingawa alitaka nimweleze nthoni mara mbili. Aliuliza kwa nini usihame. Nikamwambia hajawahi kuishi katika kijiji cha Hali ya Hatari, ambako mtu hahami bila ruhusa.

Basi soma kwa makini. Ukiona moto, sema [tundu]. Si neno gumu, litamke tu kama [tundu]. Maji ni [tundu], na usiyachanganye na mchanga, ambao ni [tundu], maana huko ndiko kulikotokea ile ajali ya jikoni. Mithika akitaka utoke aseme [tundu], na asiseme [tundu], kwa sababu hilo ni la kumwambia mtoto au mbwa, nasi tunataka heshima. Lililo kubwa kuliko yote, ambalo linaweza kuokoa maisha yako hata ukisahau mengine yote, ni hili: [tundu].

Ndugu yako,
Nthiga


Githongo, Meru.
13 Machi 1955

Ndugu yangu,

Tunaendelea, Mungu anasaidia. Karimi ana mimba, na Mithika ameanza kukohoa kwa furaha.

Barua yako nimeipata. Niliiinua nikaona mlima kupitia ndani yake. Kila neno la Kihispania limekatwa kwa mkasi, tena kwa ustadi, na Mithika ambaye ni fundi nguo amesifu ule mkono. Karimi alimsomea iliyobaki, naye sasa anajua kwamba kuna jambo moja kubwa litakaloniokoa, na kwamba lina umbo la tundu.

Karani, nasema na wewe. Najua hukufanya kwa ubaya. Umeona maneno usiyoyajua, umeogopa ni ya kiapo cha watu wa msituni. Lakini mimi ni mwanamke wa goti moja, naishi chini ya nyasi kavu. Nikiungua utasoma barua za nani?

Nthiga, mwambie Sista wako aende kwa wakubwa. Jua ni kali na paa limekauka.

Mama Karimi


Kanja, Embu.
24 Aprili 1955

Dada mpendwa,

Hongera kwa mimba ya Karimi. Nelius anatuma salamu na kofia ya mtoto, ambayo ameifuma kubwa kwa sababu anasema Wameru wana vichwa. Baba Karimi ameandika? Hukunijibu.

Sista Asunsioni alikwenda mwenyewe kwa D.O. Alimsomea maneno yote kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, na alipoona bado ana shaka akalala sakafuni ofisini kumwonyesha jinsi mtu anavyotambaa chini ya moshi. Muhuri uligongwa upesi. Karatasi hii ni ya halali, na nakala yake Karimi ampe Mithika aitunze.

Moto ni fuego. Litamke fwego. Maji ni agua, na mchanga ni arena. Mithika aanze kwa kuuliza, ¿Hay alguien dentro?, yaani kuna mtu ndani? Ile h haisemwi, Wahispania huiandika tu. Wewe utajibu, Aquí estoy, niko hapa. Tamka akí estoi. Ndipo atakwambia, Salga de la casa, toka nyumbani. Kisha Agáchese, inama, kwa sababu moshi hukaa juu na hewa nzuri hukaa chini, na Sista anasema moshi ndio unaoua watu kabla moto haujawafikia. Kisha Tápese la boca, funika mdomo. La mwisho ni No vuelva, usirudi ndani, hata kama umeacha sufuria. Hilo ndilo lile kubwa, na nimeliweka kwa ajili yako.

Kukuita, aseme señora. Ni neno la heshima kwa mwanamke yeyote mzima, na si jina la mtu. Nadhani hata mzee Bundi hatakuwa na neno.

Ndugu yako,
Nthiga


Githongo, Meru.
5 Juni 1955

Ndugu yangu Nthiga,

Safari hii karatasi imefika nzima. Pembeni karani ameandika kwa penseli, "Imekaguliwa. Si kiapo." Karani, mwandiko wako ni mzuri, na sasa najua hata wewe una roho.

Kofia imefika pia. Mwambie Nelius tunaihifadhia viazi mpaka mtoto azaliwe.

Karimi ndiye mwalimu. Jioni anamfundisha mumewe, na mchana mwanafunzi anarudia masomo kwenye cherehani. Kanyagio likienda haraka, Kihispania nacho kinakwenda haraka, na likikwama utasikia "tápese" halafu kimya mpaka uzi upatikane. Akikosea mimi nakohoa. Kikohozi sasa kina mwenyewe mpya.

Kisha tukaanza mazoezi kamili. Wengine wakishakwenda kazini, Mithika anakuja mbele ya mlango wangu, ananipa mgongo, anasema yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimekaa kwenye kigoda changu, namjibu Aquí estoy. Tunafanya hivyo kila siku isipokuwa Jumapili. Nitakwambia kitu, Nthiga. Amemwoa binti yangu miaka minne iliyopita, na sikuwahi kuisikia sauti yake ila kwa mbali. Ni sauti nzuri, ina aibu kidogo. Nimeanza kuingoja.

Juzi mkubwa wa homgadi alikuja kuchukua kaptula akayasikia maneno yale. Akasimama, bunduki begani.

"Hii ni lugha ya nani?"

"Ya masista wa Embu, afande."

"Na inafanya nini hapa kwa safu yetu?"

"Inangoja moto, afande," Mithika akasema, akamwonyesha muhuri.

Yule bwana aliusoma muhuri juu chini, akajaribu kaptula, akasema inambana. Ndiyo yaliyotoka hapo.

Wasalimie wote, na mama umwambie nakula.

Mama Karimi


Kanja, Embu.
7 Agosti 1955

Dada mpendwa,

Sisi ni wazima. Nimekuandikia mwezi wa saba, hukujibu. Labda karani yuko likizo. Mtoto anatembea. Sista anauliza kila asubuhi wanafunzi wake wa Meru wanaendeleaje, nami namwambia vizuri sana, ingawa sijui. Tafadhali andika hata mstari mmoja.

Nthiga


Kanja, Embu.
11 Septemba 1955

Dada,

Salamu nitaziandika siku nyingine. Dereva wa lori linaloleta unga hapa amepitia Githongo, anasema aliona nyumba imeungua katika safu ya juu, karibu na fundi cherehani. Hakujua ni ya nani. Nimeomba pasi ya kuja Meru nimenyimwa, nimeomba tena nimenyimwa. Masista wanasali kwa Kihispania na mimi nasali kwa lugha zote. Kama ni wewe unayesoma hii, andika. Kama ni karani peke yake, andika wewe.

Nthiga


Githongo, Meru.
2 Oktoba 1955

Ndugu yangu Nthiga,

Niko hai, kwa hiyo acha kumsumbua kila dereva wa lori. Barua zako nimezipata zote siku moja. Sikuandika kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa kwenye bandeji, na sikutaka Karimi aniandikie mambo haya. Karimi ni mzima, tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata. Msalimie mama, umwambie mkono umepona.

Ilikuwa mchana, wengine wako kazini. Niliinjika githeri, mahindi na maharagwe, nikakaa kigodani. Nilifumba macho kwa sababu ya moshi. Sawa, Nthiga, nilisinzia. Kuni za juu zilishika, zikaliwasha paa, nami sijui lolote.

Mithika aliona moshi unapita kwenye nyasi. Akaacha cherehani akakimbia mpaka mlangoni, na hapo miguu ikakumbuka adabu. Akageuka, akanipa mgongo kama tulivyozoea, akauliza kwa Kihispania kizuri kama kuna mtu ndani. Nikazinduka kidogo. Nikasema Aquí estoy.

Unaona kosa lenyewe? Kila siku ya Mungu kwa miezi mitatu mtu huyu amesimama pale pale akaniambia nyumba inaungua. Nilidhani tumefika saa ya mazoezi. Akasema fuego, nikafikiri, leo ametamka vizuri. Akasema Salga de la casa, señora, nikatikisa kichwa kumkubali. Akasema Agáchese, nikainama pale pale kigodani. Akasema Tápese la boca, nikajifunika mdomo kwa leso kama mwanafunzi mtiifu. Moshi ulikuwapo, lakini kwangu moshi si habari. Akamaliza na No vuelva. Mimi, ambaye sikuwa nimekwenda popote, nikajibu Aquí estoy mara ya pili na kufumba macho tena.

Kihispania kikawa kimemwishia. Karimi alimfundisha yale tu uliyoandika wewe, na wewe hukuandika la kumwambia mama mkwe kwamba leo ni kweli. Nilimsikia akivuta pumzi. Kisha akaniita. Hakuniita señora, wala Mama Karimi.

"Wambeti," alisema, kwa Kimeru, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. "Wambeti, amka, unaungua."

Nilisimama, ndugu yangu. Goti sikulikumbuka. Wala si moto ulioniinua, maana moto nilikuwa sijauona bado. Nilisimama kwa hasira. Mtu niliyempa binti yangu, aniite jina langu kama tulichunga mbuzi pamoja? Nilichomoa mwiko kwenye chungu nikatoka nimchape. Nilikuwa nimekwisha kuuinua mwiko wakati paa lilipoanguka nyuma yangu, na cheche zikaniunguza mkono ule ule ulioshika mwiko.

Homgadi walikuja na bunduki zao. Walinikuta nimesimama na mwiko hewani, na Mithika amejifunika uso kwa kaptula ya serikali. Hawakumpiga mtu. Waliweka bunduki chini, wakaleta maji na mchanga, na nyumba zingine zikapona.

Usimwambie Sista kwamba maneno yake yalishindwa. Niliyaelewa yote. Nimejengewa nyumba nyingine, na safari hii mlango wameugeuza.

Mithika ndiye mgonjwa sasa. Amehamia kwa rafiki yake safu ya chini, chakula hakimpiti, anasema jina la mama mkwe limemkaa mdomoni kama kaa la moto. Mzee Bundi amesema Kihispania kilikuwa halali, lakini jina ni jina. Mithika alete kondoo dume achinjwe uani kwangu, na baada ya hapo itakuwa kama halikutajwa kamwe.

Katika kila barua unaniuliza habari za Baba Karimi, nami najifanya sikuona. Sina habari, Nthiga. Tangu walipompakia kwenye lori sijapata hata mstari, na sijui kama yuko kizuizini Manyani au yuko ardhini. Karani, kama unajua lolote, geuza karatasi hii uniandikie nyuma. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiniita Wambeti. Kwa majirani mimi ni Mama Karimi, kwako ni dada, kwa watoto wa hapa ni nyanya, kwa serikali ni namba iliyopakwa mlangoni. Hasira iliponiisha siku ile nilikaa nikalia, na watu wakanifariji kwa ajili ya nyumba. Sikuwa nalilia nyumba. Nilikuwa nimesahau jinsi jina langu linavyosikika likiitwa na mtu anayeogopa kunipoteza.

Kondoo ataletwa Jumamosi. Nimekubali, maana mila ni mila, na kijana wa watu anahitaji kulala. Lakini nimemtuma Karimi kwake na sharti moja. Kabla kondoo hajachinjwa, Mithika asimame nje ya ua, anipe mgongo kama kawaida, aniite mara moja tena.

Dada yako,
Wambeti